Maswali ya Wasomaji: Raba za Stopa na Kinachogonga Chini ya Gari

Barua za toleo hili zimetoka pande zote za Ziwa Victoria, na nyingi zinazungumzia kitu kimoja: vile vipande vya raba vilivyofungwa chini ya chesesi, juu ya ekseli, ambavyo gerejini tunaviita stopa. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ina mambo ambayo barua nyingine ziliyagusa kwa mbali.

SWALI: Ndugu fundi, salamu kutoka Igoma. Nina pikapu ya Land Cruiser, HZJ79, ninayoitumia kupeleka mabomba na pampu za visima Misungwi na Kwimba. Mwaka jana niliinua kwa milimita 50, nikaweka springi mpya na shokapu ndefu zaidi. Tangu mvua zianze, kila nikivuka kalavati lililobomoka nasikia nyuma mlio wa chuma kupiga chuma. Nilipochungulia nilikuta stopa ya kulia imebaki sahani tupu ya chuma, raba imekwenda. Ya kushoto imepasuka katikati. Fundi mmoja anataka kunichongea kipande cha tairi la lori. Mwingine anasema niziondoe zote mbili kwa sababu zinaibana springi isifanye kazi. Nimsikilize nani, na nikinunua mpya nitajuaje kimo chake?

JIBU: Ndugu yangu wa Igoma, kati ya mafundi hao wawili, wa kwanza anakupa dawa ya kukufikisha nyumbani na wa pili anakupa ugonjwa mpya. Anayesema kwamba stopa inaibana springi hajaelewa kazi yake, kwa kuwa gari likitembea kawaida stopa haigusi chochote; inaning'inia tu, ikisubiri siku ambayo ekseli itapanda kupita kiasi. Siku hiyo lazima kuwe na kitu cha kuisimamisha. Stopa isipokuwepo, kazi hiyo itafanywa na shokapu, ambayo pistoni yake itagonga mwisho wa silinda. Au na springi, ambayo majani yake, yaani vile vyuma bapa vilivyopandana, yatapinda kinyumenyume hadi moja livunjike. Au na tairi litakaloingia kwenye madigadi. Au, huko mbele, na difu itakayopiga hodi kwenye sampu, yaani bakuli la oili la injini. Kanuni ninayoifuata chini ya gari lolote ni moja: stopa iguse kabla ya kitu kingine chochote kugusa.

Kabla ya kutoa pesa, ingia chini ya gari ukiwa na tochi na kitambaa. Pale stopa inapotua juu ya ekseli pana sehemu bapa ya chuma, ifute tope. Upande wa kulia, ukiona chuma kimeng'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, ujue sahani tupu iliyobaki ndiyo inayopiga pale, na huo ndio mlio unaousikia. Upande wa kushoto utaona alama nyeusi ya raba. Halafu geukia shokapu. Ukikuta mafuta yameteremka kwenye mwili wake na vumbi limegandia juu yake, sili yake imeachia, na mara nyingi chanzo ni kupigwa mwisho mara kwa mara. Kagua na mabano ya shokapu kwenye chesesi: ufa huanza mwembamba kama unywele pembeni mwa mchomeleo, na mara nyingi kinachoonekana kwanza ni mstari wa kutu uliochomoza katikati ya rangi. Ukiuona ufa wa namna hiyo, suala la raba lisubiri kwanza.

Sasa tuje kwenye kimo, ambacho ndicho kilichonifanya nilipe swali lako nafasi hii. Wengi huamini kwamba gari likiinuliwa milimita 50, stopa nayo ni lazima ishushwe milimita 50. Si lazima. Stopa imefungwa kwenye chesesi. Ukiinua chesesi kwa springi, nafasi kati ya stopa na ekseli huongezeka gari likiwa limesimama, lakini ekseli ikipanda mpaka mwisho hufika palepale ilipokuwa ikifika zamani. Kilichobadilika katika gari lako ni shokapu. Shokapu ndefu ikibanwa mpaka mwisho hubaki ndefu kuliko ile ya kiwandani, kwa sababu fito ndefu inahitaji silinda ndefu ya kuingilia. Kwa hiyo inaishiwa na nafasi mapema, wakati stopa bado iko mbali na ekseli. Ndiyo maana kuna watu wanaobadilisha shokapu mara mbili kwa mwaka huku wakimlaumu mwenye duka. Matairi makubwa huleta shida ya jinsi hiyohiyo kwenye madigadi, nayo hupimwa kwa namna yake.

Pima hivi. Simamisha gari mahali tambarare, likiwa tupu, na ulisukume juu na chini mara mbili tatu ili springi zitulie. Pima kutoka katikati ya bolti ya juu ya shokapu hadi katikati ya bolti ya chini. Pima pia nafasi iliyopo kati ya ncha ya stopa nzima na ile sehemu bapa ya ekseli. Kisha ifungue shokapu, uibane mpaka mwisho, na upime urefu wake ikiwa imefungika. Shokapu ya gesi hukataa na kujirudisha yenyewe, kwa hiyo ilalie kwa uzito wa mwili, polepole, bila kuipiga nyundo. Nitoe mfano wa tarakimu, ambazo si vipimo vya gari lako. Tuseme bolti kwa bolti ni milimita 520, na shokapu ikifungika ni milimita 400. Maana yake ina milimita 120 za kusafiri kabla ya kugonga. Nafasi kutoka stopa hadi ekseli ni milimita 110, na stopa yenyewe ina kimo cha milimita 60, ambacho kikibanwa kwa nguvu hupungua kwa karibu nusu, yaani milimita 30. Jumlisha 110 na 30, unapata 140, ilhali shokapu ilikuwa na 120 tu. Imezidiwa kwa milimita 20. Weka akiba ya milimita 15 juu yake, na jibu lako ni spesa, yaani kipande cha kujazia nafasi, ya milimita 35 kati ya chesesi na stopa. Baada ya hapo ekseli itabaki na milimita 75 za kupanda kabla haijaigusa raba, nazo zinatosha kwa gari la kazi.

Msomaji makini atasema kwamba shokapu imefungwa kwa kuinama, hivyo ekseli ikipanda milimita 100 yenyewe hufupika pungufu ya hapo. Ni kweli, na kosa hilo linaelemea upande wa usalama. Lakini lipo jingine linaloelemea upande wa hatari: gari likipanda jiwe kwa tairi moja, ekseli huinama, na sehemu ya nje hupanda zaidi kuliko sehemu ya ndani ilipo stopa. Akiba ile ya milimita 15 niliiweka kwa ajili hiyo, na jaribio la mwisho nitakalolieleza ndilo litakalotoa uamuzi.

Usiongeze spesa kwa tamaa. Miaka kadhaa iliyopita niliweka spesa ya milimita 70 kwenye gari langu kwa kudhani kwamba nyingi ni salama zaidi, nikatoka Bunda na mzigo wa saruji kuelekea kivuko cha Kisorya. Kila wimbi la barabara ya changarawe liliigonga raba, na sehemu ya nyuma ilikuwa ikirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Abiria wangu aliposhuka kivukoni hakuniaga. Stopa inayoguswa kila dakika imekuwa springi ya pili, ngumu na isiyo na shokapu ya kuituliza.

Kuhusu raba yenyewe, kwa kazi yako ningechagua raba asili ya muundo wa kiwandani, ile iliyochongoka kidogo kuelekea chini. Umbo hilo lina sababu. Ncha nyembamba hubonyea kwanza kwa ulaini, kisha unene wa juu hupokea mzigo uliobaki, hivyo ekseli inapunguzwa mwendo badala ya kupigwa breki ghafla. Kipande cha tairi la lori kina unene uleule juu hadi chini na nyuzi za waya ndani yake. Kinapokea pigo lote kwa mara moja na kulirudisha kwenye chesesi, na waya zake zikishachomoza huanza kuchimba chuma. Nimewahi kukifunga porini ili gari lirudi mjini, na sikuona aibu, ila kesho yake nilikitoa.

Unapokwenda dukani nenda na namba ya chesesi na stopa ya zamani mkononi, hata ikiwa ni sahani tupu. Land Cruiser za familia ya 70 zilianza kutengenezwa mwaka 1984, na zile za kazi nzito zilikuwa na springi za majani mbele na nyuma hadi mwaka 1999, mbele zilipopewa koili. Muuzaji akikuuliza tu "ya Land Cruiser?" na kukuletea boksi, fungua boksi hilo mbele yake na ulinganishe matundu ya bolti.

Kazi ya kufunga si ndefu, ingawa nusu yake ni kupambana na kutu. Jioni ya siku iliyotangulia, sugua bolti kwa brashi ya waya na uzimwagie mafuta ya kulegeza kutu, kisha rudia asubuhi. Vuta handibreki, zuia matairi ya mbele kwa magogo, inua gari kwa kuegemeza jeki kwenye ekseli, halafu weka stendi imara chini ya chesesi, pande zote mbili, na ushushe ekseli taratibu mpaka ining'inie. Ukishusha, mtu mmoja aiangalie hosi ya breki inayotoka kwenye chesesi kwenda kwenye ekseli, kwa sababu katika gari lililoinuliwa hosi hiyo ndiyo inayokuwa fupi ya kwanza. Ikikaza kama kamba ya nguo, simama. Matofali ya saruji usiyaweke chini ya gari. Hupasuka bila kutoa taarifa.

Bolti ikitoka, safisha mahali inapokaa sahani mpaka chuma kionekane, paka rangi ya kuzuia kutu, na uiache ikauke. Spesa iwe ya chuma au alumini yenye upana wa kubeba sahani nzima. Rundo la washa si spesa, wala mbao si spesa. Ukiweka spesa ya milimita 35, bolti nayo iongezeke urefu kwa milimita 35, na iwe ya daraja la uimara la 8.8, kwa kuwa bolti inayofika kwenye nati kwa nyuzi mbili tu itang'oka na nyuzi hizo. Anza kuzungusha kwa vidole. Bolti ya milimita 8 ya daraja hilo hukazwa kwa nguvu ya takriban Nm (nyutoni-mita) 25, kiasi ambacho mkono mmoja kwenye spana fupi unakifikia. Lakini ile stopa ambayo bolti yake imegandishwa ndani ya raba yenyewe inahitaji upole zaidi, maana ukiilazimisha bolti huzunguka ndani ya raba na umenunua hasara. Badilisha kushoto na kulia kwa pamoja, hata kama moja inaonekana nzima.

Baada ya hapo lifanye lile jaribio. Mwanza hatukosi miamba. Tafuta jiwe lenye mgongo mpana, pandisha tairi moja la nyuma polepole kwa gia ya kwanza, na kabla ya kupanda paka grisi nyembamba kwenye sehemu bapa ya ekseli na ufunge uzi wa plastiki kwenye fito ya shokapu, pale inapoingia kwenye silinda. Ikiwa shokapu yako ina kifuniko cha vumbi, kitelezeshe juu kwanza. Shuka, kagua upande huo, kisha fanya hivyo kwa tairi la pili. Ukiona raba imeacha alama kwenye grisi, na uzi umesukumwa lakini bado una nafasi ya kidole kimoja kabla ya mwisho wa fito, kazi imekwisha. Uzi ukiwa umebanwa hadi mwisho na grisi haijaguswa, rudi kwenye tarakimu. Futa grisi yote kabla ya kuondoka. Nitaeleza sababu hapo chini.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ninanunua dagaa Mwaloni Kirumba na kuwapeleka Shinyanga kwa Hilux yangu ya kebini moja. Kila baada ya miezi mitatu fundi ananiambia stopa za nyuma zimeisha na ananiuzia nyingine. Gari likishapakiwa, hata kabla halijaondoka, naona ekseli imegusa raba. Je, nitafute raba ngumu zaidi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Ulichokiona kabla ya gari kuondoka ndicho kinachojibu swali lako, na ningependa mafundi wengi wawe na jicho hilo. Kwa Hilux ya muundo wako, yenye majani ya springi nyuma, stopa haipaswi kubeba mzigo gari likiwa limesimama. Yapo magari ambayo kiwanda kimekusudia raba ndefu na laini ishirikiane na springi tangu mwanzo, lakini hiyo ni raba ya aina yake. Kwako, springi zimechoka au mzigo umezidi, na huenda ni vyote viwili.

Hilux nyingi za kazi hutengenezwa zikabebe kadiri ya tani 1, ikiwa ni pamoja na watu waliomo ndani. Dagaa wakavu hudanganya: gunia ni kubwa na jepesi, kwa hiyo mpakiaji hujaza hadi juu ya kebini, kisha utingo, turubai na magunia mawili ya "jirani" huongezwa dakika ya mwisho. Pitisha gari kwenye mizani likiwa limepakiwa kama unavyosafiri. Namba hiyo itakuambia zaidi ya maneno ya fundi yeyote, mimi nikiwemo.

Kuhusu springi, litazame gari likiwa tupu kutoka ubavuni. Majani yanatakiwa kuwa na mkunjo kama upinde uliolegezwa kamba. Yakiwa yamenyooka kama rula gari likiwa halina kitu, yamekwisha. Waweza kuyapeleka kwa wahunzi wa springi wakayakunja upya, lakini mkunjo wa nyundo bila kuchemshwa na kupozwa ipasavyo haudumu. Mimi hupendelea pakiti mpya, au jani moja zaidi lililochaguliwa kulingana na mzigo wako wa kila siku. Likiongezwa jani, uliza pia juu ya ile vali ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, ikiwa gari lako linayo. Vali hiyo husoma kushuka kwa gari ili kujua breki za nyuma zipewe nguvu kiasi gani, na springi ngumu zaidi huifanya iamini kwamba hujabeba kitu.

Raba ngumu zaidi usinunue. Itakaa miezi sita badala ya mitatu, na katika miezi hiyo pigo zote zitakuwa zikienda kwenye chesesi.

SWALI: Ninaishi Sengerema. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe nakwenda mjini mara nyingi zaidi, na katika duka moja nimeonyeshwa stopa za plastiki ngumu ya rangi nyekundu, na nyingine za haidroliki zinazofanana na shokapu fupi. Gari langu ni Land Cruiser mkonga, sifanyi mashindano. Zina faida?

JIBU: Zile nyekundu ni za poliyurethani. Haziogopi mafuta, hazipasuki upesi kwa jua, na hudumu; lakini iliyo ngumu hubonyea kidogo sana na kuirudisha ekseli chini kwa teke. Ipo poliyurethani ya jinsi nyingine, yenye mapovu madogo ndani kama mkate, ambayo ni nyepesi mkononi na huweza kubonyea zaidi ya nusu ya kimo chake. Hiyo ni nzuri kuliko raba kwa gari linalopiga makorongo kwa kasi. Kumbuka tu kuihesabu upya katika vipimo nilivyompa ndugu wa Igoma, kwa maana inayobonyea zaidi huiruhusu ekseli kupanda zaidi.

Za haidroliki zina mafuta na gesi ya nitrojeni, na hufanya kazi ya ajabu kwenye magari ya mbio yanayoruka matuta ya mchanga. Zinahitaji mabano ya kuchomelea, gesi ya kujaza, na mtu wa kuzipima. Kwa safari ya Sengerema na Mwanza, hizo fedha nunulia matairi.

SWALI: Kwenye sehemu ninayooshea gari hapa Nyakato, wakimaliza hunyunyiza dizeli au oili chafu chini yote ili kuzuia kutu. Stopa zangu zimevimba na kuwa laini kama ubani uliotafunwa. Kuna uhusiano?

JIBU: Upo, tena wa moja kwa moja. Raba asili hunywa mafuta ya petroli, dizeli na oili. Huvimba, hulainika, kisha hukatika kwa vipande. Ndiyo sababu nilimwambia ndugu wa Igoma afute grisi yake. Bushi za springi, bushi za shokapu na raba za kushikilia injini nazo zinapata kipigo hichohicho kila Jumamosi, ingawa hazionekani haraka. Waombe waoshe kwa maji na sabuni tu. Kutu ya chesesi izuie kwa rangi au kwa nta maalumu inayopakwa kwa brashi penye chuma, huku ukikwepa raba. Na ikiwa gari lako hubeba samaki wabichi, maji yanayodondoka kutoka kwenye barafu yasiruhusiwe kulala ndani ya chesesi: tafuta yale matundu madogo ya chini na uyazibue tope kwa waya.

Njia ya kuikagua raba ni rahisi. Bonyeza ukucha wa dole gumba kwenye raba. Nzima hubonyea kidogo na kurudi. Ukucha ukiacha shimo, imelainika; ukiteleza kama juu ya kwato, imekauka. Nyufa ndogo za juujuu hazinitishi, lakini ufa unaopokea ncha ya kisu umefika ndani.

SWALI: Niko Nyehunge, Buchosa. Nilikuwa nabadilisha stopa mwenyewe, bolti moja ikakatika na nusu yake imebaki ndani ya chesesi. Nati yake iko ndani, siifikii. Fundi wa kuchomelea anasema aigandishe stopa moja kwa moja kwenye chesesi. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie. Moto wa kuchomelea utaiunguza raba kabla hata hujaitumia, na siku itakapochakaa itakubidi ukate chuma ili uibadilishe. Zaidi ya hapo, chesesi ikichomwa hovyo kwenye kingo zake za chini, ambazo ndizo zenye kuvutwa zaidi gari likibeba mzigo, hupata mahali pa kuanzia ufa.

Mtumie fundi huyohuyo kwa kazi nyingine. Ikiwa kisiki cha bolti kimechomoza hata milimita chache, akivike nati iliyo kubwa kidogo kuliko bolti na kuchomelea kupitia ndani ya tundu la nati. Joto litailegeza kutu, nawe utapata mahali pa kushikia spana. Subiri wekundu utoweke, kisha zungusha kwenda na kurudi, robo kwa robo, huku ukidondoshea mafuta ya kulegeza baada ya chuma kupoa. Ukilazimisha upande mmoja tu itakatika tena. Kabla hajawasha mashine, ondoa waya wa betri, sogeza nyaya na bomba za breki zilizo karibu, jua tangi la mafuta liko umbali gani, na uweke ndoo ya mchanga mkavu pembeni.

Kisiki kikiwa kimekatika sawasawa na chesesi, piga alama katikati kwa sentapanchi na utoboe kwa biti ndogo ya drili, tuseme milimita 3, kisha 5, kisha moja iliyo pungufu kidogo ya bolti. Ukitoboa katikati kabisa, mabaki hutoka kama uzi na nyuzi za nati hubaki salama. Zisafishe kwa tepu, kile kifaa cha kukatia nyuzi. Ukipotea pembeni na kuziharibu, ongeza tundu kwa saizi moja ukate nyuzi mpya za bolti kubwa zaidi, na tundu la sahani ya stopa ulipanue lilingane. Nati ya ndani ikianza kuzunguka yenyewe, imeng'oka kwenye chesesi. Hapo mwambie akutengenezee kibati chenye nati iliyochomelewa, cha kupitishwa kwa waya kutokea tundu la jirani la chesesi mpaka kifike juu ya tundu lako. Ukiwa na subira, kazi hiyo huchukua asubuhi moja.